Farasi Niliyemsingizia

Bwana asifiwe, ndugu zangu. Mchungaji kaniambia niandike kwanza ndipo nisome, maana anajua nikianza na punda naweza kumalizia kwenye bei ya nazi.

Mimi ni mtoto wa kambi ya mkonge. Shule niliishia darasa la pili, nikaingia kwa punda. Miaka mingi nimebeba mchanga na punda pale Mabawa. Punda ni mnyama wa kuheshimiwa, tena ana akili kuliko baadhi ya... basi, tuyaache.

Uzeeni mama mmoja mwenye shamba aliniajiri nitunze farasi wake. Siku moja akanikuta nimempanda farasi jike mwekundu, tunamwita Ukwaju, nampeleka majini. Akasema, "Mzee, mbona unakaa vizuri hivyo? Utashindana."

Nilidhani mzaha. Kumbe upo mchezo wa siku tatu. Siku ya kwanza farasi anaonyesha adabu kiwanjani, anageuka na kusimama kama askari wa gwaride. Ya pili mnakimbia porini, mnaruka magogo na mitaro. Ya tatu mnaruka fito kiwanjani, ukiangusha umepoteza alama.

Kule Ngamiani kwenye kahawa wakanicheka. "Babu, punda kakuwia mfupi? Sasa watafuta ghorofa ya kuangukia?" Mke wangu naye: "Ukifa nitawaambia watu ulikufa na nini?" Nikafanya mazoezi miezi minane, kwa kiburi tu, niwafunge midomo.

Sasa sikilizeni. Mchezo huu una desturi. Kabla ya siku ya porini, mpandaji huipita njia yote kwa miguu, gogo kwa gogo. Farasi haruhusiwi kuiona. Macho yake ni wewe.

Mama akaniuliza, "Mzee, njia umeipita?"

"Nimeipita yote."

Uongo! Nilikuwa nimelala kivulini. Njia ilikatiza mkonge wa shamba la mama, na mkonge ule nimezaliwa ndani yake, nitembezwe kama mgeni?

Siku ya kwanza ilikuwa imeshapita salama; kesho yake tukaingia porini. Tukafika penye magogo mawili, la kushoto la kuzunguka, la kulia nikaliona ni la mkato. Nikamwelekeza kulia, nikampiga visigino. Ukwaju akachimba kwato chini, akageuka ghafla, akakimbia nami nikining'inia kama gunia hadi akanibwaga mbali kidogo. Bega likavunjika. Mkonge ni mrefu, hakuna aliyeona farasi alikataa wapi.

Walipokuja nikasema, "Kakataa gogo dogo la kushoto. Mnyama huyu ana wazimu."

Ndugu zangu, nawaambia, maneno yale yalitoka kirahisi kama kutema mate.

Wiki ya tatu nimefungwa mkono shingoni, saisi mwenzangu wa kutunza farasi akaja kunijulia hali. Akasema, "Mama kaamua. Farasi anayekataa gogo dogo ataua mtu. Ijumaa daktari wa mifugo anakuja kumchoma sindano."

"Sindano ya nini?"

"Ya kumlaza asiamke tena."

Sikulala. Alhamisi alfajiri nikaenda shambani, nikaipita njia kwa miguu, na mkono wangu shingoni. Nikafika kwenye gogo la kulia. Alama za kwato za Ukwaju bado zilionekana kwenye udongo mbele yake. Nikapiga hatua nikachungulia upande wa pili.

Korongo! Korongo la mvua, kina cha watu wawili, mawe chini. Wenzangu wote walilijua, ndiyo maana wakazunguka kushoto. Nikaketi pale pale kwenye umande. Mimi nilimsukuma kifoni, yeye akanigeuza. Nami nimemlipa nini?

Nikaenda hadi mlangoni kwa mama. Wafanyakazi walikuwa wanakunywa chai. Nikasema mbele yao wote: "Njia sikuipita. Nilimpeleka kulia. Farasi hana kosa, mwongo ni mimi."

Mama akaweka kikombe chini. "Mzee, ningemuua."

"Ndiyo, mama."

"Toka mbele yangu." Kisha nilipofika getini, akaniita: "Bega likipona, uje. Utaanza kwa miguu."

Nikaanza kwa miguu. Mwaka uliofuata mimi na Ukwaju tulimaliza siku zote tatu. Tulikuwa wa mwisho kabisa.

Namshukuru mke wangu aliyenilisha kwa kijiko, na saisi aliyekuja kunijulia hali. Namshukuru mama yule, hakunificha hasira yake wala hakunifungia mlango.

Na neno langu ni hili. Kama yupo hapa aliyemtwika kosa lake asiye na mdomo wa kujitetea, mtoto, mfanyakazi, au mnyama, asingoje nimalize. Ainuke aende akaseme sasa hivi. Kiti chake nitamshikia.