Picha ya Harusi ya Pelagia

Benchi letu liko mbele ya duka la vyuma la Hilali, Kasulu mjini. Jana Pasikali alikuja na picha ya harusi mfukoni mwa shati, akatuonyesha, akairudisha haraka. Mkewe, Pelagia, anakwenda Dar kuvutwa ngozi ya uso, na daktari anataka atumiwe picha yake ya ujanani kabla ya saa kumi. Nyumba nzima wana hiyo moja, iliyopigwa kambini, walipokuwa wakimbizi. Nyingine zilibaki Burundi. Pelagia alikuwa akiitafuta tangu asubuhi.

— Picha ya nini, kama daktari ana kompyuta ya kuonyesha uso mpya? akauliza Nduwayezu. Tunamwita Kizuizi, maana hakuna kizuizi cha uhamiaji ambacho hakijamshusha garini.

— Kompyuta inakisia, akasema Hilali. Picha inamwonyesha nyama zilikaa wapi kabla hazijashuka. Halafu anakuchora kwa kalamu ukiwa umeketi. Ukilala zinakimbilia masikioni, vipimo vinaharibika.

— Umesomea wapi?

— Nauza bati. Najua kitu kinavyokaa.

— Bati halisinzii, akasema Kizuizi. Wakivuta kupita kiasi, mtu analala macho wazi. Tena kizuizini alama ya kidole itasema Pelagia, uso utasema simjui. Watamvusha mpaka wa Burundi na mashavu yake mapya.

Pasikali hakucheka.

— Daktari mwenyewe kasema ile ya kompyuta si ahadi, akasema. Sasa akirudi, mimi nipokee uso gani stendi?

— Basi mwambie hutaki, nikamjibu. Kuficha picha ni uoga.

— Fundi baiskeli, ziba pancha zako.

Nikasimama. Naye akasimama. Kudra, muuza kahawa, akaweka birika la moto katikati yetu.

Ndipo Pelagia akatokea, simu mkononi.

— Shemeji zangu, kuna aliyeiona picha ya harusi yangu?

Hilali akatazama birika. Kizuizi akatazama barabara.

— Iko mfukoni mwake, nikasema.

Pasikali akaitoa mwenyewe, taratibu. Pelagia akaifuta kwa kitenge bila kuitazama. Alikuwa anamtazama mumewe.

— Miaka ishirini na nane, Baba Aline. Unaogopa nitarudi nikiwa nani?

 

Pelagia alisubiri jibu, amesimama, mpaka saa kumi kasoro dakika tano. Kisha akaipiga picha ile kwa simu, akamtumia daktari, na ile ya karatasi akairudisha mfukoni mwa shati la mumewe.