Kamanda Alphée Comeau, Bi Mkubwa Wake na Mimi

Padri wetu, wana wa ukoo wa Comeau mliotoka Meteghan, majirani wa Dartmouth, maafisa na mabaharia mliovaa sare, poleni nyote. Historia hii ilikuwa isomwe na shemeji yangu, lakini nimeiomba niisome mwenyewe, kwa sababu kila nilipomwachia mtu mwingine habari za mume wangu aliishia kuzijua kuliko mimi, na leo sikubali.

Marehemu Alphée Edmond Comeau alizaliwa tarehe 14 Februari 1966 huko Meteghan, mtoto wa tatu wa Mzee Edmond, mvuvi wa kamba, na Mama Léonie, akasoma shule ya msingi na sekondari hukohuko kwa Kifaransa, akajiunga na jeshi la wanamaji hapa Halifax mwaka 1984, na mwaka 1988 akafuzu kuwa mtu wa nyambizi, akapewa ile glasi ya ramu yenye beji ya pomboo chini yake, akainywa yote mpaka akaidaka beji kwa meno, kama mlivyofanya ninyi mnaoivaa hapa ukumbini. Alipenda kusema kwamba siku ile ndipo alipooa kwa mara ya kwanza. Watu walicheka, nami nilicheka nao, lakini iliniuma.

Mimi, Noreen Hatcher, nilifunga naye ndoa tarehe 6 Julai 1991 hapa Dartmouth, nikaingia kwenye nyumba yenye bi mkubwa. Alikuwa wa chuma, mweusi, mrefu, ananuka dizeli, na harufu yake ilirudi na mume wangu kila safari, nikawa namvua nguo zote kwenye chumba cha chini kabla hajapanda ngazi, nazifua na kuzirudia, na bado mto wake ulinuka. Binti yetu Solange alizaliwa tarehe 3 Machi 1994, baba yake akiwa chini ya bahari mahali ambapo mke haruhusiwi kupajua. Bi mkubwa alipajua.

Mnaijua desturi ya gatini, chombo kikirudi majina hutiwa kwenye kofia, na ambaye jina lake limetoka hushuka wa kwanza kumbusu mkewe, umati ukipiga makofi, sisi wengine tukisubiri na tabasamu la kulazimisha. Miaka yote nilisimama pale kwa koti langu jekundu, ili anione tangu mbali, na miaka yote nilipiga makofi kwa ajili ya midomo ya wenzangu. Mwezi Novemba 2009 jina la Alphée lilitoka, akanitumia habari, nikapaka rangi ya mdomo, nikasogea mbele, na aliyeshuka akawa kijana mmoja wa chumba cha injini, akambusu mkewe na kichanga chao pia. Alphée alikuwa amemwachia nafasi.

"Hajawahi kumwona mwanawe, Noreen," aliniambia ndani ya gari.

"Na mimi nani ameniona?" nikamjibu.

Alistaafu uongozi wa nyambizi mwaka 2016 akiwa kamanda, nami nikadhani bi mkubwa ameachwa. Kumbe alikuwa anatafutiwa warithi. Mwaka 2021 mume wangu aliitwa kwenye kamati ya kupendekeza nyambizi mpya za nchi hii, akaanza kwenda Ottawa na kwenye viwanda vya ng'ambo kukagua vyombo kama bwana harusi anayezungushwa kwa mabinti, na pembeni yake katika kila ndege aliketi Mhandisi Glenys Tulk, ambaye yuko hapa, safu ya tatu, na anajua kwamba simsengenyi, kwa sababu nilishamwambia usoni. Walizungumza kwa simu wakati wa chakula. Mume wangu alimchekesha kwa mizaha ambayo mimi niliisikia baadaye, ikiwa imepoa.

Walichogombania kwenye kamati kilikuwa barafu. Alphée alinieleza mezani kwamba nyambizi isiyo ya nyuklia, hata hizo mpya zinazoweza kukaa chini wiki kadhaa, mwishowe hutaka kupanda, itoe bomba, ivute hewa, iwashe injini, ichaji betri, na chini ya barafu ya Aktiki hakuna pa kutokea, kwa hiyo inaingia kidogo tu kutoka ukingoni, nayo ni lazima ibakize nguvu ya kuirudisha kwenye maji ya wazi.

"Ni kama kwenda Cape Breton usiku wa Krismasi," alisema. "Vituo vyote vya mafuta vimefungwa. Tangi likifika nusu unageuza gari, hata ukibakiza kilima kimoja."

"Na Glenys umempa mfano huohuo?"

"Mfano ni wa Glenys," akajibu, akaendelea kula. Nilimwondolea sahani kabla hajamaliza.

Tarehe 20 Novemba 2023 madaktari waligundua saratani ya kongosho. Nilimwomba aache kamati, miezi iliyobaki iwe yangu. Mwezi Machi alikwenda Ottawa akiwa ametoka kwenye tiba, amekonda, nikakaa nyumbani nimevimba kwa hasira, nikijua sasa bi mkubwa amenichukulia hata kifo cha mume wangu. Alifariki tarehe 9 Oktoba 2024, asubuhi, Solange ameshika mkono mmoja na mimi mwingine.

Juzi Glenys alikuja jikoni kwangu na mkate wa molasi, na mkate wenyewe, kwa bahati mbaya, ni mtamu kuliko wangu. Akanieleza kikao kile cha Machi. Baadhi ya wajumbe walitaka ile akiba ya kurudi ipunguzwe, ili kwenye karatasi nyambizi ionekane inafika mbali zaidi chini ya barafu, na mmoja akasema, "Kamanda, vitani nani anaweka nusu ya kurudia?"

Alphée akavua miwani. "Nina mke Dartmouth," akasema, "husimama gatini na koti jekundu. Ipunguze, halafu wewe ndiye uende ukamwambie." Nusu ilibaki kwenye pendekezo lao.

Neno hilo nililisubiri miaka thelathini na zaidi. Likasemwa Ottawa, mbele ya watu wenye mabegi, akalisikia Glenys. Nimefurahi mpaka nimelia, na bado namwonea wivu kwa masikio yake.

Nawashukuru madaktari na wauguzi waliomuuguza, majirani waliotuondolea theluji mlangoni bila kuombwa, wenzake wa nyambizi na wa kamati, na Glenys, kwa mkate na kwa neno.

Sasa ni heshima za mwisho. Nawaomba wote mbaki mmeketi, shemeji zangu, makamanda, nawe Glenys, kwa maana leo kofia ina jina moja, na koti jekundu nimelivaa. Ninakwenda kuchukua busu langu la 2009. Umefika gatini, Alphée. Sasa pumzika.