Lifti Mbili Mji Mzima

Walikaa mbele yangu kwenye basi la kwenda mji mkubwa. Mwanamume alikuwa fundi wa lifti, anarudi kazini. Mama wa dirishani alikuwa mshonaji, anakwenda kumwona mwanawe. Hawakujuana, lakini walibishana kama mawifi.

"Huko kuna kazi, sikatai," alisema mama. "Lakini mwanangu anaishi kwenye chumba ambacho ukifungua mlango unagonga kitanda! Kwa kodi ileile, kwetu unapata nyumba nzima na ua."

"Ua unaliwa, mama? Nimekaa kwenu mwaka mzima. Mji mzima una lifti mbili, na moja haijawahi kuharibika."

Nilijikaza nisicheke.

"Angalau ulikuwa unalala kwako."

"Nikilala njaa."

Mama alisonya. "Na familia umemwachia nani?"

"Wako hukohuko kwenu. Ijumaa nilipopiga hodi, binti yangu wa miaka mitatu alinichungulia, akamwita mama yake: 'Mama, kuna mtu.'"

Nilidhani mama atamwonea huruma. Wapi!

"Si urudi, basi!"

"Nirudi nimlishe nini?"

"Basi wahamishie huko!"

"Niwalaze wapi, mama? Hebu nionyeshe!"

Basi likasimama. Walishuka wakiendelea, fundi amembebea mama kapu lake, kila mmoja amemkasirikia mwenzake kana kwamba ndiye aliyeijenga ile miji.