Punje Moja kwa Polikarpi, Moja kwa Kashaija

Wasikilizaji wapendwa, aliye na jembe mkononi aliweke chini kwanza. Leo tunamkumbuka mzee Polikarpi, katekista wa kigango kimoja huko Kaisho, aliyefariki Jumatatu ya wiki iliyopita. Alikuwa na miaka sabini na minane. Sitampamba, maana mwenyewe alikataa.

"Nikifa msiseme nilikuwa mtu mwema," alimwambia binti yake, Renatha. "Semeni nilichofanya."

Haya, tuseme.

Polikarpi alikuwa na rafiki, Kashaija. Walichunga ng'ombe pamoja, wakala chungu kimoja. Walipopata ndevu za kwanza wakachanjiana, kama ilivyokuwa desturi. Vijana wa leo hamlijui jambo hili, kwa hiyo nalieleza. Linaitwa omukago. Mnapasua tunda moja la kahawa, lenye punje mbili. Kila mmoja anachanjwa kidogo karibu na kitovu, punje inapakwa damu, mwenzake anaimeza. Ukishaimeza, mlango wako haufungwi tena mbele yake. Ukimwinulia mkono, ile punje itakuvimbia tumboni ufe.

Polikarpi alimeza ya Kashaija. Kashaija alimeza ya Polikarpi.

Halafu dini ikaja na nguvu zake. Mapadre Wazungu walikuwa na misheni, chifu naye akabatizwa, na enzi hizo za Mwingereza ilikuwa vigumu kujua amri ipi imetoka kanisani na ipi imetoka barazani. Polikarpi alikaa miaka minne kwenye mafundisho. Akabatizwa, akawa katekista. Akaambiwa omukago ni kazi ya shetani. Akaungama, akapewa malipizi, akaona yamekwisha.

Mwaka 1943 ikatoka amri vibanda vya mizimu vichomwe. Kashaija akakataa. Kile cha baba yake kilikuwa uani, na alisema hakitoki. Askari wa chifu wakamlaza kifudifudi. Aliyeshika kiboko nani? Polikarpi. Viboko kumi na viwili.

"Nilivihesabu kwa sauti," alimwambia Renatha.

Akamaliza, akachoma kibanda. Kilikuwa kiangazi, upepo ukavuma, moto ukarukia msonge wa nyasi. Ndani alilala mgonjwa, Kokwijuka, mama yake Kashaija. Kashaija akainuka na mgongo uliochanika, akaingia, akamtoa. Mama yule aliishi siku mbili tu. Watu walisema ni askari waliochoma, na Polikarpi akawaacha waseme hivyo. Hata Kashaija hakumtaja, si kwa majirani, si kwa mwanawe Melkiory alipokua, maana siku ile ya moto alikuwa bado ananyonya. Alijenga upya palepale. Miaka thelathini na mitano hawakusalimiana.

Wasikilizaji wapendwa, sasa ni 1978. Askari wa nduli, yule dikteta wa nchi jirani, wamevuka mto. Alasiri moja watu walijificha kigangoni, wakidhani nyumba ya Mungu haitaguswa. Iliguswa. Risasi zilipita mlangoni, na mama Speciose, aliyekuwa akiongoza kwaya, akaanguka mbele ya altare, akafa palepale. Polikarpi alipigwa pajani. Akatokea mlango wa nyuma, akatambaa kwenye migomba, damu ikimfuata. Nyumba ya karibu ilikuwa moja tu, na aliijua.

"Hodi," akasema.

Kashaija akatoka.

"Ni wewe."

"Ni mimi. Sina haki ya kupiga hodi hapa."

"Huna," alisema Kashaija. "Ila nilimeza punje. Ingia."

Akamweka kwenye shimo la kuivishia ndizi za pombe, akamfunika majani na udongo. Askari wakaja wakifuata damu. Wakamuuliza Kashaija yule mtu yuko wapi. Akasema hajaona mtu. Wakaanza kumpiga kwa vitako vya bunduki. Polikarpi alikuwa chini yao, hatua tano hivi. Alisikia kila pigo. Hakutoka. Aliogopa, ndugu zangu, hilo nalo alitaka lisemwe.

"Nilihesabu tena," alimwambia binti yake. "Nilifika tisa, akanyamaza."

Kashaija alikufa hajabatizwa.

Vita vilipokwisha, Polikarpi alisimama kwenye ibada ya Jumapili na gongo lake, akaeleza yote. Kiboko, moto, Kokwijuka, shimo. Melkiory, mwana wa Kashaija, alikuwa benchi la tatu na rozari mkononi. Ndipo aliposikia kwa mara ya kwanza. Akainuka, akatoka, akahamia kusali kigango kingine.

Tangu hapo, kila Jumapili baada ya ibada, Polikarpi alikwenda kwa Melkiory. Anapiga hodi mara moja, anasubiri, anarudi. Miaka kumi na minne. Hakuitikiwa hata siku moja.

Alianza jambo lingine pia. Kila ubatizo ukiisha, mzazi na msimamizi walitafuna punje mbili za tunda moja la kahawa. Bila damu, alisema, ya Kristo inatosha. Paroko akamwita amkanye.

"Padre," Polikarpi akamjibu, "ninyi mlinifundisha kuapa. Kushika kiapo nilifundishwa na mpagani."

Paroko hakulizungumzia tena, na kahawa inatafunwa hadi leo.

Alipougua, aliomba jambo moja tu: azikwe kwa Melkiory, miguuni pa kaburi la Kashaija. Renatha akaenda kuomba, akarudi bila jibu. Siku ya mazishi walichimba kaburi kanisani, endapo Melkiory angekataa, lakini jeneza wakalipitisha kwanza kule. Wakasimama nje. Renatha akapiga hodi, mara moja, kama baba yake.

Melkiory akatoka. Miguu ilikuwa na udongo hadi magotini.

"Karibuni," akasema. "Nimechimba tangu asubuhi." Kisha akamgeukia Renatha. "Dada, sijamsamehe. Lakini mlango huu ni wa baba, na baba hakuufunga."

Akashika upande mmoja wa jeneza, wakaingia.

Kwa Renatha na ukoo wote, poleni sana. Kwa Melkiory na watu wake, poleni pia, maana ninyi mna misiba mitatu. Mungu awapumzishe Polikarpi, Kashaija na bibi Kokwijuka.

Nasi tuliobaki, wasikilizaji wapendwa, tunajivunia ubatizo wa babu zetu, na ni haki yetu. Lakini wengi wetu tuna babu aliyeshika kiberiti. Kama bado yu hai, nenda kakae naye leo, umuulize.