Kiberenge cha Mwangeni Hakihami

Mgeni rasmi, Mkurugenzi Cherop wa Jumba la Uchukuzi wa Kale, mheshimiwa chifu, wazee wetu, wageni mliotoka Watamu na Mariakani, na nyinyi majirani mliokuja tu kumwona Mkurugenzi akisukuma kiberenge: hamjambo nyote, na wakubwa shikamooni.

KUKARIBISHA

Sisi wanakikundi wa Stesheni Yetu, Mwangeni, tunakukaribisha kwa moyo mmoja. Tumekuona ukishuka kwenye kiberenge unacheka, viatu mkononi. Mkubwa akishavua viatu kwetu, huyo si mgeni tena. Basi hatutakuficha kitu. Barua ya ofisi yako inasema kiberenge kipelekwe Nairobi leo. Sisi tunasema kibakie hapa. Tusikilize kwanza.

TULIKOTOKA

Kwa wasiokijua, kiberenge ni kile kigari cha mafundi wa reli: wawili wanasimama wakielekeana, mmoja anasukuma mkono wa kuendeshea chini, mwenzake anauinua, nacho kinakwenda. Treni zilipoacha kusimama hapa, wanunuzi wa vyuma chakavu walikuja na misumeno. Waling'oa hadi bawaba za milango! Mzee Garama akakiburura kiberenge hadi zizini kwake, akakifunika makuti, na mbuzi wakalala juu yake miaka na miaka. Aliyeuliza aliambiwa, "Hicho ni kitanda cha mbuzi."

Kisha akaja Bi Jedida Musembi, yule pale anayejificha nyuma ya chifu. Ni msimamizi wa dobi katika hoteli moja Watamu, mzaliwa wa Makueni, na siku zake za mapumziko bahari haizioni. Yeye huzuru stesheni za kale: Voi, Makindu, hata Kisumu, na kila jumba la makumbusho lenye gurudumu ndani yake. Aliposhuka hapa kwenye tuktuk akauliza kiberenge kiko wapi, tulimfukuza. Tulidhani ni wakala wa vyuma. Akarudi na picha za viberenge alivyokwisha kuviona, akamwonyesha Mzee Garama kimoja kimoja kama nyanya anayeonyesha wajukuu. Mzee akasema, "Huyu si mwizi. Huyu ana wazimu wa heri." Akafungua zizi.

TULIYOYAFANYA

Hapa tutajisifu, mgeni rasmi, utuvumilie. Fundi Kiponda alichonga mkono mpya kwa mti mgumu wa mbambakofi. Vijana walifyeka njia ya pembeni ya stesheni hadi reli zikaona jua. Bi Jedida akatuletea mafundi wastaafu aliojuana nao katika safari zake, wakatufundisha breki. Leo shule zinakuja kutoka Rabai na Kaloleni, na watalii wanaacha ufuo wanapanda vilima vyetu. Jengo lililokuwa choo cha wapita njia sasa lina milango, lina mlinzi, lina kina mama wa chai na mahamri. Nani alidhani?

Na lile kubwa kuliko yote. Tuliposikia unakuja, tulifanya kama tunavyofanya kila akija mkubwa: tulipaka chokaa. Mawe, vigogo vya miti, ngazi, na kwa kuzidiwa na furaha, kiberenge pia. Bi Jedida alipokiona alipiga ukunga! "Jamani, hiki ni chuma, si kaburi!" Akatugawia makumbi ya nazi, tukasugua, mchungaji upande huu, ustadhi upande ule. Chokaa ikatoka pamoja na masizi ya miaka yote, na kwenye ukingo wa chini zikajitokeza herufi zilizogongwa ndani ya chuma: MWANGENI. Vigelegele vya siku ile, wallahi, waliopo Mazeras walivisikia.

YANAYOTUTATIZA

Barua inasema kiberenge kililetwa hapa kuhifadhiwa kwa muda tu. Kwa heshima zote, aliyeiandika hakusugua. Jina lenyewe umelipitishia kidole chako asubuhi ya leo.

Tunajua Nairobi kuna paa zuri na walinzi. Lakini huko kitazungushiwa kamba, kiandikiwe "Usiguse". Hapa kinaguswa. Mzee Garama hukipaka mafuta kila asubuhi kabla ya kunywa chai yake. Kikiondoka tutamwambia nini? Hatujifanyi jasiri, mgeni rasmi: tutaumia, na tutaumia sana.

OMBI

Barabara na maji tutamwomba mgeni mwingine. Kwako tuna moja tu: kiberenge kibakie Mwangeni, na jumba lako lituandikishe kuwa watunzaji wake.

Tumeliona pia lori lililokuja kukibeba. Desturi yetu haimruhusu mgeni kurudi mikono mitupu. Kwa hiyo ulipokuwa ukila wali na kuku wa kupaka, kina mama walilipakia: nazi, mihogo, machungwa, mikeka, kisha nazi tena. Dereva wako amefunga turubai anasema humo haliingii hata kopo. Tunasikitika mno, mgeni rasmi. Kiberenge kimekosa nafasi.

Mungu akufikishe salama wewe na mizigo yako, na kazi ya mikono yako aitie baraka. Jamaa, mwombeeni mgeni wetu. Nasema kwa dua ya wazee wetu, Taireni! Nanyi mjibu kwa nguvu: Za Mulungu!

Ni sisi,
Wanakikundi wa Stesheni Yetu, Mwangeni.
Imesomwa kwa niaba yao na Kache Ngowa, katibu.