Chuma Alichogonga Louis Beya

Batata na bamama, wapendwa wote mliokuja kulia nasi familia, Louis Beya alizaliwa Mutshatsha tarehe 9 Mei 1984, mtoto wa kwanza wa marehemu tata Edouard, mfanyakazi wa reli, na mama Adolphine, huyu mnayemwona hapa mbele.

Alisoma shule ya msingi huko huko Mutshatsha, sekondari hapa Kolwezi hadi diploma mwaka 2003, kisha muziki Lubumbashi, na kelele za masufuria aliyokuwa akigonga utotoni, sisi tukimcheka, kumbe ndizo zilikuwa kazi yake, kwani tangu 2008 alifundisha muziki na kuongoza kwaya ya parokia. Alimuoa mama Wivine tarehe 16 Julai 2011, Mungu akawajalia Naomie na Gael.

Tarehe 14 Agosti 2017, upande wa Nzilo, shimo la shaba lilimfunika mdogo wake Guelord, na mnajua desturi ya wachimbaji wetu, shimo likianguka watu wa juu hugonga chuma, kisha wote hunyamaza, wakisikiliza kama wa chini atajibu. Louis ndiye aliyegonga mchana kutwa, hakusikia kitu, na kwa kuwa ni mukubwa wa familia, ndiye aliyewaambia watu waache kuchimba kumtafuta, waende nyumbani. Toka hapo hata mezani aliinua mkono ghafla tunyamaze, akasikiliza, nasi, Mungu wangu, tuliogopa.

Ndipo akatunga muziki wa kwaya na violini, uliopigwa mara ya kwanza tarehe 11 Novemba 2023 katika ukumbi wa parokia, muziki mgumu, usio na wimbo wa kushika, ambao mwishoni waimbaji wote hunyamaza, Louis akagonga kipande cha reli, halafu kimya, kimya kirefu. Ee batu, ukumbi uligawanyika! Tata Swedi, mfanyabiashara, aliapa kwamba alisikia kitu kikigonga kutoka chini, na wengi pamoja naye, wakalia. Wengine walisema huo si muziki, ni kuchezea wafu, eti Louis kaficha mtu wa kujibu, wakati chini ya sakafu ile ni udongo mtupu. Mama Adolphine alitoka kwa hasira, akisema hakuna aliyejibu, Louis amwache mdogo wake alale.

Kilichomla Louis ni kwamba yeye mwenyewe hakusikia. Aliuliza kila mtu mpaka wakaanza kumkwepa, kwa sababu kama waliosikia walisema kweli, basi labda Guelord alijibu siku ile shimoni pia, yeye asisikie, na kaka yake alimwacha akiwa hai.

Figo zilianza kumsumbua Machi 2024, akalazwa, akafariki tarehe 3 Februari 2025. Asubuhi hiyo, sauti ikiwa imekwisha, aligonga chuma cha kitanda kwa pete yake, akasikiliza, akagonga tena, na mama Adolphine, ambaye hakutaka hata kusikia habari za muziki ule, aliinama, akatia mkono chini ya kitanda, akagonga naye. Louis alisikia, midomo yake ikamwita Guelord, akafumba macho. Mama ametaka hili lisomwe, nasi hatumuulizi zaidi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliotupikia bukari, ugali wetu, walimu wenzake na wanakwaya, waliosikia na wasiosikia, kwa kukaa leo benchi moja. Wanakwaya waliomba wagonge reli kaburini, lakini mama amekataa, kwa sababu safari hii anaogopa kusikia jibu.

Louis, msalimie mdogo wako, pumzika kwa amani.