Robo Nne za Joka

Benchi letu limeegemea ukuta kati ya kibanda cha kinyozi na cha fundi viatu, na mguu wake mmoja ni tofali. Jiko langu na birika la kahawa viko mbele yake, kwa hiyo neno lolote la mtaa huu hunipitia mimi kwanza. Wateja wa kudumu ni watatu. Yupo kinyozi, tunayemwita Wembe, mpole hadi nywele za wateja zinamwonea. Yupo fundi viatu, Gundi, ambaye hajawahi kuona tatizo lisilotaka kisu na uzi. Na yupo dobi, Pasi, anayezungumza kama anavyonyoosha mashati: anakandamiza mpaka ukubali. Mimi wananiita Bibi. Nikiwapa kisogo wananiita Redio, wakidhani sisikii.

Siku hiyo hakuna aliyekaa kwa raha, maana binti yake Wembe alikuwa anakuja.

Binti huyo anafanya kazi mji wa mbali. Akipiga simu, baba humuuliza kama amekula, yeye humuuliza baba mgongo unaendeleaje, halafu wanabaki kusikilizana pumzi mpaka mmoja aseme haya basi. Nayajua hayo kwa sababu Wembe hupokea simu dirishani, na dirisha lake liko juu ya jiko langu. Tangu mama mtu afariki, ndiyo mazungumzo yao. Sasa hivi karibuni, katikati ya ukimya huo, binti akasema yupo na kile kitabu cha joka, kile ambacho vijana wote wanakisifia, wengine wamekivaa hadi kwenye fulana. Wembe aliweka simu chini na uso wa mtu aliyeokota ufunguo uliopotea. Jioni hiyo hiyo alirudi na kitabu, kinene kama tofali la benchi.

Shida ni kwamba Wembe anasoma pole pole, na safari ya binti ilikuwa imeshapangwa. Akakileta benchini tumshauri. Gundi akasema kidole kimoja hakivunji chawa, na kabla hatujamuuliza chawa ni yupi, kisu kilikuwa kimeshapita mgongoni mwa kitabu. Akakigawa robo nne, kila robo akaishona kwa uzi wa nta na kuivika ngozi ya buti kuukuu. Kila mtu asome robo yake, kisha tumsimulie Wembe, ili binti akifika amkute baba yake amekijua chote. Mimi niliona ni akili kubwa. Mpaka leo naona hivyo.

Basi asubuhi ya siku yenyewe tukakutana, kila mmoja na robo yake mapajani. Gundi, mwenye robo ya kwanza, akaanza.

— Humu hamna joka.

Alisema amesoma mpaka uzi wake wa mwisho. Kuna msichana anachota maji, analisha mbuzi, anagombezwa na baba yake kwa kutofunga lango la zizi. Usiku mmoja analiacha wazi tena, mbuzi wanatoka, baba anaingia msituni kuwatafuta, harudi. Basi. Joka liko kwenye jalada tu, kama kuku kwenye pakiti ya viungo.

— Samaki mmoja akioza wote wameoza, akasema. Nikisoma robo nimesoma chote. Ngoma ikivuma sana hupasuka.

— Aliyeipasua ni wewe, nikamwambia.

Pasi naye akaapa kwamba kwake hakuna msichana wala mbuzi. Kwake ni joka mwanzo mwisho, linachoma maghala, linachoma mapazia ya mfalme, na kitabu kinastahili sifa zote na nyingine zaidi. Akatueleza kwamba mwandishi lazima aliwahi kuwa dobi, maana ameandika hariri inavyojikunja ikiungua, na hilo hulijui mpaka uharibu gauni la mtu. Alipoona hatumbishii akapanda ngazi nyingine. Joka lenyewe ni dobi aliyelaaniwa.

— Maji ukiyavulia nguo, alisema, nguo hizo hazina budi kufuliwa.

Hatukumuuliza ana maana gani. Ukimuuliza Pasi maana, kahawa inapoa.

Ikaja zamu yangu. Nilikuwa na robo ya tatu, na niliisoma kwa kidole, sikuruka hata mstari. Kwangu joka limelala pangoni tu. Habari ni ya mtoto wa mfalme aliyewaposa wasichana wawili, mmoja kwa wazazi wake na mwingine kisimani, na kila mmoja ameahidiwa pete ile ile. Niliwaambia hicho si kitabu cha joka, ni kitabu cha majirani, na kwa hilo hakijasifiwa vya kutosha.

— Na joka ni nani? Gundi akauliza.

— Mama mkwe. Amefumba macho na anasikia kila kitu.

Walicheka, ila Wembe hakucheka. Yeye alichagua robo ya mwisho, akiamini kwamba mtu anayejua safari ilipoishia haulizwi habari za njia. Alikuwa anakunja taulo ambalo lilishakunjwa.

— Joka linakufa, alisema. Msichana amelipakata kichwa. Analiambia, lango nimelifunga.

Akatuambia hapo ndipo alipolia, kibandani mwake, na mteja kidevuni ana povu upande mmoja. Wala hakumjua msichana ni nani, wala lango ni lipi.

Gundi akaitazama robo yake kama kiatu alichokirudisha kwa mwenyewe bila soli.

— Lango la zizi, akasema.

Pasi akasema basi ni wazi, joka lilimla baba. Nikasema mjinga we, joka ndiye baba. Pasi akakataa, akasema mchunga mbuzi hawezi kujua habari za hariri. Gundi akadai mbuzi mmoja ndiye aliyegeuka joka kwa hasira ya kufungiwa, na akatoa methali ambayo siwezi kuiandika. Tulikuwa tumepandisha sauti mno hata hatukumwona aliyesimama nyuma ya jiko langu na begi begani.

— Shikamooni.

Tuliitika marahaba kama watoto waliokutwa jikoni. Binti akaangalia mapaja yetu, moja baada ya jingine, mpaka akafika kwa baba yake.

— Kumbe ndicho kile. Kwa hiyo, ni kizuri?

Tungemjibu nini, mmoja ana mbuzi, mwingine moto, mwingine pete?

— Si wewe uliyekisifia, mwanangu? Wembe akasema.

— Nilisema kinavuma, baba. Mimi niliishia pale mzee anapoingia msituni. Sikuweza kuendelea.

— Sasa mbona ulikitaja?

Binti akalishusha begi.

— Simu ilikuwa kimya.

Nilichochea makaa yasiyohitaji kuchochewa. Wembe alilaza taulo begani, akalitoa, akalilaza tena.

— Mwisho ninao mimi, alisema. Ila simjui msichana.

— Msichana namjua mimi, binti akasema.

Gundi akatoa sindano, akasema wamwachie, atakiunga chote kabla ya jioni. Binti akamwambia asijisumbue, akachukua robo ya kwanza mapajani mwa fundi. Wembe akabeba begi kwa mkono mmoja na mwisho kwa mkono mwingine, akasahau hata kufunga kibanda. Tukabaki sisi na sehemu ya katikati.

— Sasa, Pasi akaniuliza, ni kizuri au si kizuri?

Niliinamisha birika juu ya kikombe chake, yakatoka machicha.

Baba na binti walikuwa wanakwenda taratibu, na hadi kwenye kona nilimsikia Wembe akiuliza:

— Kwanza niambie, hilo lango lilikuwa la mbao?

Alichojibiwa sikukisikia. Kutoka kwenye jiko langu hadi kwenye kona ni hatua chache, na miguu yangu ilikuwa mizima siku hiyo. Sikuinuka.